Miwani janja, miwani mahiri au miwani mijanja?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina duka la simu na vifaa vyake Kariakoo, Dar es Salaam. Siku hizi nauza pia miwani zenye kamera na spika, na nyingine za kutazama filamu, unazichomeka kwenye simu kwa waya. Mchora mabango ananiuliza aandike nini. Mimi nilisema "miwani janja". Mwanangu wa sekondari akasema kisarufi ni "miwani mijanja". Jirani yangu kutoka Mombasa yeye anaona "miwani mahiri" ndiyo safi. Na katika kubishana nikajikuta hata hiyo "miwani zenye" sina uhakika nayo. Nisaidie, bango linasubiri.

Jibu: Marahaba. Umeuliza mambo mawili, na lile ulilolitaja mwishoni kwa kupita ndilo linaloamua la kwanza. Tuanze nalo.

Neno miwani limeanza na mi-, kama miti na mikate. Aliyefundishwa ngeli darasani akiliona tu hulipeleka U-/I-, na ndiko mwanao alikoipata "mijanja": miti mirefu, mikate mitamu, miwani mijanja. Hesabu yake haina kosa ikiwa alipoanzia ni sahihi. Sasa mwombe akupe umoja wake. Mti, miti. Mkate, mikate. Miwani je? Ukiondoa mi- na kutia m- unapata mwani, na mwani ni mmea wa baharini, ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani wanaufunga kwenye kamba na vigingi maji yanapokupwa. Hauna undugu wowote na macho. Kwa hiyo hiyo mi- ya miwani inafanana na kiambishi cha wingi, lakini haina umoja wa kusimama nao.

Kinachotuchanganya ni kwamba mara nyingi ngeli mbili hutoa sauti ile ile. "Miwani yangu imevunjika" inaweza kuwa wingi wa U-/I- (miti yangu imevunjika) au umoja wa I-/ZI- (saa yangu imevunjika). Sentensi kama hiyo haitoi ushahidi. Ushahidi uko kwenye vivumishi na idadi. Mwite mteja yeyote dukani umwulize anataka rangi gani: atakwambia miwani nyeusi, hatasema miwani myeusi. Atataka miwani mpya, wala si mipya. Atanunua miwani moja, na akimkumbuka mwenzake atachukua miwani mbili. Nyeusi, mpya, moja na mbili zote ni za I-/ZI-. Wasemaji walishaamua zamani kwamba miwani ni kitu kimoja chenye vioo viwili, kama walivyoamua kwamba suruali ni vazi moja lenye miguu miwili.

Wapo wanaosema miwani myeusi, na siwaiti wakosaji. Kwao neno hili ni la wingi tu, kama maji au mate yalivyo katika ngeli yao. Ninachowaomba ni kushika njia moja hadi mwisho: akianza na miwani myeusi, aendelee na miwani hii miwili, asirukie miwani hizi katikati ya aya. Mimi naandika kwa I-/ZI-, na "miwani zenye kamera" uliyoandika ni Kiswahili kizuri. Usiibadilishe. Ila kuna jambo moja nakusihi uliepuke, nimeliona kwenye matangazo mengi: "jozi ya miwani". Jozi tunaihesabia viatu na soksi, vitu vinavyoweza kuachana. Miwani hukatika, haiachani. Sema miwani moja, yatosha.

Basi "mijanja" imeanguka pamoja na ngeli yake. Bado tuna janja na mahiri.

Mwanao akiwa makini atakuja na swali la pili: kama miwani ni I-/ZI-, na -janja ni kivumishi, mbona hatusemi "njanja", kama nzuri, ndefu na ngumu? Ni swali la haki. Hatusemi hivyo kwa sababu janja hapo haifanyi kazi ya kivumishi cha kawaida. Imeingia kwa mlango wa simujanja, neno ambalo wengi sasa wanaliandika kama moja, na ndani yake janja imeganda, haipokei kiambishi. Tunasema simujanja yangu, simujanja zetu, janja haitikisiki. Ukiichukua ikiwa imeganda hivyo ukaibandika kwenye saa au miwani, inabaki vile vile. Miwani janja moja, miwani janja kumi.

Mahiri nayo haibadiliki, lakini kwa sababu nyingine: ni ya asili ya Kiarabu, na vivumishi vya asili hiyo kama safi, ghali na rahisi havipokei viambishi vya ngeli. Mtu mahiri, watu mahiri, kisu safi, visu safi. Kwa hiyo jirani yako ameshika neno lisilomtia mtu makosani hata asiyejua miwani iko ngeli gani. Hiyo ni faida kubwa, naikiri.

Shaka yangu juu ya mahiri iko kwenye maana. Umahiri ni ustadi wa kuzoeshwa: fundi mahiri, mpishi mahiri, mtu aliyerudia kazi hadi mkono ukaijua. Janja nayo ina kivuli chake, kwani mjanja anaweza kuwa sungura wa hadithi na anaweza kuwa tapeli wa mtaani. Nimelitafakari hili na naona kivuli hicho hakituharibii. Chombo kinachokaa usoni kama miwani ya kawaida, kumbe kinanasa picha na sauti, kinastahili neno lenye tahadhari kidogo ndani yake. Kwa bango la Kariakoo, andika miwani janja. Ungekuwa na duka Mombasa na wateja wako wamezoea mahiri, ningekuambia uandike mahiri bila kusita.

Lakini bango halijaisha, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Neno janja linamwambia mteja kwamba kitu ni cha kisasa, halimwambii kinafanya nini. Kiswahili tayari kina njia yake ya kutaja miwani, na ni nzuri mno kuiacha: tunaitaja kwa kazi yake, kwa kauli ya kutendea. Miwani ya kusomea. Miwani ya kuonea mbali. Miwani ya kuchomelea, anayovaa fundi wa mageti. Ile -e- au -i- katikati ya kitenzi ndiyo inayosema "kwa kutumia hii". Miwani ya kusoma inaeleweka, lakini ya kusomea ndiyo iliyokaa sawa.

Sasa panga bidhaa zako kwa namna hiyo. Ray-Ban Meta zilizotoka mwaka 2023 hazina skrini: zina kamera, maikrofoni, spika ndani ya mikono yake, na kitaa kinachowaka zinaporekodi. Hizo ni miwani za kupigia picha na kusikilizia. Xreal Air hazina kamera wala betri, zinakula chaji ya simu na kukuonyesha skrini kubwa mbele ya macho. Hizo ni miwani za kutazamia filamu. Mteja akisoma hivyo hatanunua moja akidhani ni nyingine. Neno la jumla bado tunalihitaji, kwa kuwa kazi zinazidi kukusanyika mahali pamoja: Google walipoanza kuuza miwani yao iitwayo Glass mwaka 2013 kwa dola 1,500 za Marekani, ilikuwa na kamera na pia kioo kidogo cha kuonea juu ya jicho la kulia. Janja ikae juu ya bango, kazi zikae chini yake.

Ukija kuleta zile kubwa zinazofunika macho yote na kukuonyesha mahali pasipokuwapo, mimi bado ningeziita miwani, miwani za uhalisia pepe. Pepe hii tuliizoea kwenye barua pepe, na wengi wanaisikia kama upepo. Mkulima wa mpunga anaijua pepe nyingine, punje yenye ganda lisilo na kitu ndani, na nadhani hiyo inaeleza vizuri zaidi mahali unapopaona usiweze kupagusa. Zile zinazokuacha uone barabara yako huku zikiweka maandishi juu yake, watu wanaziita za "uhalisia ulioboreshwa". Sikubaliani. Kuboresha ni kufanya kitu kiwe bora, na mshale unaoelea juu ya barabara haujaiboresha barabara. Ni uhalisia ulioongezewa: upo kama ulivyo, umeongezewa kitu. Angalia kwamba nimesema ulioongezewa. Ulioongezwa ungekuwa uhalisia wenyewe umezidi, jambo ambalo hakuna miwani iliyoliweza.

Kuhusu akili iliyomo ndani, utasikia akili mnemba, akili unde na akili bandia. Kwa wateja wa Dar es Salaam andika akili mnemba, wameizoea kwenye taarifa ya habari.

Mwisho ni vitenzi vya dukani. Miwani huvaliwa na huvuliwa. Vijana wako wa kaunta wasiseme "toa miwani" wanapotaka mteja aijaribu nyingine; wamwambie avue. Na wanapotunga tangazo wajihadhari na "vaa miwani" likisimama peke yake, maana katika misemo yetu aliyevaa miwani ni aliyelewa. Ongeza neno moja tu, vaa miwani hii, na msemo unaondoka.

Mpe mchora mabango maneno haya: MIWANI JANJA. Chini yake, kwa herufi ndogo: za kupigia picha, za kusikilizia, za kutazamia filamu. Asiandike "mijanja", na kwenye "za" asitie "ya", kwa sababu unazo nyingi.