Mama akilazwa, baba atachomwa sindano na nani?

Mkuu, acha kwanza hesabu za bima na hela ya kutuma kila mwezi. Umesema baba ana kisukari na amepooza upande mmoja, mama ndiye anamhudumia huko Korogwe, wewe uko Dar, na "mama bado ana nguvu". Na sisi tulisema hivyohivyo.

Mwaka juzi mama yangu alishikwa na nimonia usiku, Muheza. Alfajiri majirani wakampakia kwenye bajaji, akalazwa. Sisi watoto watatu simu zote kwake: kawekewa oksijeni? Nani analala naye wodini? Baba yetu, naye ana kisukari na anategemea sindano za mama, hakuulizwa mpaka saa nne asubuhi. Kaka akampigia dada wa kazi: "Mchome kama mama anavyomchoma." Binti wa watu ana wiki 3 pale nyumbani. Akachoma, uniti 20, kipimo kilekile. Asichokijua, na kaka pia hakujua, ni kwamba ile insulini ya mchanganyiko (dawa ya kushusha sukari, ya haraka na ya taratibu pamoja) mama huichoma uji ukiwa umeshaiva, maana ndani ya nusu saa mzee anatakiwa awe anakula. Siku ile hata mkaa haujawashwa. Halafu baba anameza kwa shida, kikombe kimoja kinachukua muda mrefu. Yote hayo yalikuwa kichwani mwa mama tu.

Alikutwa shuka limelowa jasho, haitiki. Sukari 1.9, wakati chini ya 4 tayari imeshuka. Jirani akaja na soda amnyweshe. Muuguzi mstaafu wa nyumba ya tatu ndiye aliyemzuia, kwa sababu asiyejitambua ukimmiminia kitu mdomoni kinaweza kwenda mapafuni. Akakimbizwa kuwekewa dripu ya glukosi. Alizinduka, ila hakuwa tena baba yule wa wiki iliyopita.

Ninayemkasirikia mpaka leo ni mzee mmoja wa ukoo. Mwaka mzima kabla tulitaka kuandika dawa na kupanga zamu, akatufokea: "Mnamchuria mama yenu!" Tukanyamaza kwa adabu. Siku baba yuko kwenye dripu, simu ya mzee huyo haikupatikana.

Tafuta mtu wa pili. Usiniambie "majirani wapo", wa kwetu walikuwepo. Binamu, shemeji, yeyote, mlipe. Mara moja kila mwezi mama aondoke, akalale kwa dada yake, na mtu huyo achome, alishe, ageuze kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo mtajua mama anajua nini. Sisi tulimchukua binti wa shangazi yetu; siku ya kwanza alimpigia mama mara 11. Kila jibu tukaliandika, karatasi iko kwenye mlango wa friji. Mwezi uliopita alipiga mara 1, kuuliza mwiko uko wapi.

Mama yako atakataa, atasema hakuna anayemjua mzee kama yeye. Ni kweli, na ndiyo maana panda basi Jumamosi hii.