Kabla hujalipia uchapaji, ulizia karatasi

Mteja akiingia kwetu hapa Ngamiani, Tanga, kutaka kadi za mchango wa harusi, swali lake la kwanza huwa bei, na la pili rangi. Karatasi haiulizwi. Mimi huanza nayo, tena kwa swali moja: hiki kitu kikishatoka mashineni, watu watakifanya nini? Watakiandika? Watakikunja? Kitakaa mfukoni wiki mbili au kabatini miaka ishirini? Hapo ndipo karatasi inapochaguliwa. Unene na mng'ao vinafuata baadaye.

Chukua hiyo hiyo kadi ya mchango. Ina nafasi ya kujaza jina la mwalikwa na ahadi yake, na hujazwa kwa kalamu ya wino. Wengi huitaka ing'ae, na siwalaumu, inapendeza. Lakini karatasi ya glosi imepakwa tabaka laini la udongo mweupe au chokaa linalozuia wino kuzama. Ndiyo maana picha hutoka kali. Na ndiyo maana wino wa kalamu hubaki juu juu, ukaburuzwa na kidole cha kwanza kitakachopita. Nimeletewa kadi ambazo majina ya wachangiaji yamegeuka madoa ya buluu, na mhazini wa kamati hajui tena nani kaahidi nini. Kitu cha kuandikwa kitafutie kadi isiyopakwa, au iliyopakwa upande mmoja tu: picha mbele, maandishi nyuma. Vyeti vya madrasa na vya shule pia, kwa sababu vinagongwa mhuri, na mhuri wa wino juu ya glosi hauchelewi kuchafuka.

Kuhusu gramu. Ukiambiwa karatasi ni ya gramu 80, maana yake mita mraba moja ya karatasi hiyo ina uzito wa gramu 80. Kwenye mita mraba moja zinatoka A4 kumi na sita, kwa hiyo A4 moja ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo 2.5. Hesabu hii ina faida kubwa kwako mnunuzi. Iweke rimu kwenye mizani ya duka lolote la jirani. Ikisoma kilo 2.2 hivi, umeuziwa gramu 70, hata kama bahasha yake imeandikwa vingine. Ila usidhani gramu ni unene. Glosi ya gramu 130 inaweza kuwa nyembamba kuliko bondi, yaani karatasi ya kawaida isiyopakwa, ya gramu 100, kwa kuwa ile imepakwa na kushindiliwa. Ishike, ipinde, ndipo uamue.

Sasa jambo ambalo sisi wa pwani tunapaswa kulijali kuliko wenzetu wa bara: unyevu. Hewa ya Tanga ina maji, na wakati wa masika hata kuta zinatoa jasho. Karatasi ni nyuzi za mti, na nyuzi hizo zikinywa maji hunenepa kwa upana, kwa urefu hazibadiliki sana. Ndipo karatasi inapofanya mawimbi pembeni, ikakwama kwenye mashine, au rangi moja ikakaa pembeni ya nyingine ilhali zilitakiwa kulaliana. Kwenye printa za leza karatasi mbichi hujikunja ikipita kwenye joto, na wino wa unga haushiki vizuri. Usifungue rimu kabla ya siku ya kazi. Itakayobaki irudishe kwenye bahasha yake, kwa sababu bahasha ile imetengenezwa kuzuia unyevu. Isilale sakafuni wala isiegemee ukuta.

Nyuzi hizo pia zina mwelekeo. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa sana hapa: ni kama singa za mkonge, kuzichana kwa urefu ni rahisi, kuzikata kwa upana ni kazi. Chukua kipande cha karatasi ukichane pande mbili. Upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio unaofuata nyuzi. Ukikunja kadi nene kufuata nyuzi, mkunjo unatulia. Ukiikunja kinyume, inapasuka na weupe unachungulia katikati ya rangi, hasa pale mkunjo ulipopita juu ya rangi iliyokolea. Kwa kawaida A4 nyuzi zake hupita upande mrefu, kwa hiyo ukiikunja katikati kupata kadi ya A5 unakuwa umezivunja. Kwa kadi ya gramu 200 na zaidi, mwambie mchapaji apige mstari wa mkunjo kwa mashine kabla ya kukunja. Gharama yake ni ndogo. Usikubali akwambie haina haja.

Kitabu kina sheria zake: nyuzi zifuate mgongo, la sivyo kurasa zitakuwa ngumu kufunguka na mgongo utakunyanzika. Kwa diwani au riwaya napenda bondi ya rangi ya malai ya gramu 80, macho hayachoki. Ikiwa kuna picha pande zote mbili, gramu 70 itaonyesha ya nyuma. Karatasi ya gazeti ni rahisi kwa vipeperushi vya wiki moja, lakini ina lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, na jua likiigusa inageuka njano haraka. Kitu cha kuwaachia wajukuu usikichape humo.

Ukishachagua, omba kielelezo kitupu: karatasi ile ile, ukubwa ule ule, imekunjwa na kubanwa pini bila kuchapwa chochote. Kiandike, kikunje mara kadhaa, kitie mfukoni. Kisha uliza karatasi kubwa anayotumia mchapaji ina vipimo gani. Ikiwa ni sentimita 64 kwa 90, inatoa A4 nane na nafasi ya kukatia. Ukipunguza kadi yako nusu sentimita huenda zikatoka nyingi zaidi kwenye shiti moja, na hiyo tofauti inatosha kulipia karatasi nzuri zaidi.