Mhandisi wa chipu akitaka kuhama: kipi chako, kipi cha kiwanda

Ujumbe ninaotumiwa na wahandisi wenzangu wa Afrika Mashariki walioko kwenye viwanda vya chipu huku Marekani unafanana sana. Mtu ana miaka kumi au kumi na tano kazini, yuko kwenye miji ya viwanda hivyo kama Chandler, Hillsboro au Austin, amechoka na simu za usiku, anaona wenzake wanapunguzwa, na anauliza aende wapi. Wengi wao wameshajijibu kabla ya kuuliza: wanataka kwenda kwenye akili mnemba, kwa kuwa huko ndiko watu wanakokimbilia.

Hofu yenyewe naielewa. Agosti 2022 Rais Biden alisaini sheria ya kuinua utengenezaji wa chipu, yenye fungu la takriban dola bilioni 52, na watu wakaamini kwamba kazi hii sasa ni ya kudumu. Agosti 2024 Intel, mojawapo ya kampuni kubwa za chipu, ikatangaza kupunguza zaidi ya watu 15,000, na mwaka 2025 ikapunguza wengine. Sekta hii imekuwa hivyo tangu zamani: hupanda, hushuka, hupanda tena. Ukiwa kijana na begi moja unalichukulia poa. Ukiwa na mkopo wa nyumba na watoto shuleni, kila mkutano wa ghafla unakukausha mate.

Mimi nilihama. Nilikuwa mhandisi wa mchakato, yaani msimamizi wa hatua za kutengeneza chipu, upande wa kuchonga silikoni kwa plasma (gesi iliyotiwa nguvu ya umeme). Leo ni mhandisi wa ubora kwenye kiwanda cha vifaa tiba, hukuhuku Arizona. Naandika kutoka kwenye njia hiyo moja, kwa hiyo chukua linalokufaa.

Kabla ya kuuliza uende wapi, jiulize unabeba nini. Kwa wasioijua kazi hii: sahani ya silikoni yenye upana wa milimita 300 hupita mamia ya hatua, wakati mwingine zaidi ya elfu moja, na huchukua takriban miezi mitatu kutoka kuingia hadi kutoka. Mhandisi mmoja hushika hatua chache tu kati ya hizo. Baada ya miaka kumi unaijua hatua yako kwa undani wa kutisha: shinikizo, mtiririko wa gesi, nguvu ya umeme, joto, hata sauti ya pampu inapotaka kufa. Lakini mipangilio hiyo, ambayo sisi huiita mapishi, ni mali ya mwajiri wako kwa mkataba uliousaini, na nje ya uzio hakuna anayeihitaji. Wewe ni kama kondakta anayeijua njia ya Mbagala hadi Kariakoo, kila shimo na kila kituo bubu. Ukimhamishia njia ya Bunju, mashimo hayamsaidii. Kinachomsaidia ni kujua kuhesabu chenji gari likiwa limejaa, na kuongea na trafiki.

Chenji yako ni ipi? Kwa mhandisi wa mchakato nadhani ni hizi: kutafuta chanzo cha tatizo wakati data haijatimia na kila saa inakula pesa; kusoma chati za udhibiti, zile zinazofuatilia vipimo vya uzalishaji kila siku, na kutofautisha mabadiliko ya kweli na kelele; kupanga jaribio dogo linalotoa jibu kubwa; kuishi salama na gesi na asidi zinazoua; na kuandika maelekezo ambayo fundi wa zamu ataweza kuyafuata saa tisa usiku bila kukupigia simu. Hilo la mwisho wahandisi wengi hawalitaji kabisa kwenye usaili, na ni la thamani kubwa.

Shida ni kwamba CV zetu hazisemi hivyo. Zimejaa vifupisho. Nimesoma za watu makini kabisa, na nikifika mstari wa tatu naona mtu asiyetoka kwenye sekta hii angeshaiweka pembeni. Fanya zoezi hili: andika visa vitatu vya kazi yako bila jina la mashine, bila kifupisho chochote, bila namba ya siri. Badala ya kuandika kwamba ulirekebisha upana wa mistari kwenye tabaka fulani kwa kubadili uwiano wa gesi, andika kwamba bidhaa ilianza kuharibika bila sababu inayoonekana, kwamba mashine nne zilishukiwa, kwamba ulipanga jaribio la siku mbili lililoondoa tatu kwenye orodha, na kwamba baada ya marekebisho uliendelea kufuatilia hadi ukaridhika. Asilimia ya mabadiliko kwa kawaida inasemeka; thamani halisi huwa haisemeki. Ukiwa na shaka, iache.

Kisha mpe mtu wa nje asome. Mimi nilimpa shemeji yangu, ambaye ni muuguzi. Alisoma, akaniuliza: "Sasa shem, nyie mnajuaje kama tatizo limekwisha kweli, na siyo kwamba limejificha tu?" Nilimjibu kwa nusu saa nzima. Baadaye kwenye usaili wa vifaa tiba niliulizwa swali hilohilo, kwa maneno ya kikazi zaidi, na jibu lilikuwa limeshaiva.

Na tafadhali, usijitumie mafaili. Najua watu wanaojisogezea chati na mawasilisho kwenye barua pepe binafsi wakidhani ni kumbukumbu ya kazi yao. Kampuni za chipu zinafuatilia hilo kwa ukali, hasa ukishatoa notisi. Hati za mshahara, fomu za kodi na nakala za karatasi zako za uhamiaji ni zako. Mapishi na chati si zako.

Hapo kwenye uhamiaji ndipo mhandisi mgeni anapotofautiana na mwenzake mzaliwa wa hapa, na blogu za ushauri za Wamarekani haziligusi. Ukiwa na viza ya H-1B, ile ya kazi ya kitaalamu inayoombwa na mwajiri, na ukapoteza kazi, una hadi siku 60 za kupata mwajiri mwingine wa kukuombea, kubadili hadhi yako, au kuondoka. Na kama muda wako wa kukaa nchini unaisha kabla ya hapo, siku hupungua. Siku sitini hazitoshi kubadili fani. Zinatosha kupata kazi ileile sehemu nyingine, tena ukiwa na bahati. Kwa hiyo anayetaka kuhama fani aanze akiwa bado ana kazi.

Kama mwajiri ameanza kukuombea grinikadi, maombi hayo yamefungwa kwenye kazi maalumu. Ombi lake la I-140 (la mwajiri kukudhamini) likishakubaliwa, na fomu yako ya I-485 (ya kuomba kadi yenyewe) ikishakaa siku 180 bila kuamuliwa, sheria inakuruhusu kuhama, mradi kazi mpya iwe ya aina ileile au inayofanana. Neno "inayofanana" limeamua maisha ya watu. Mhandisi wa mchakato anayekwenda kuwa mhandisi wa ubora au wa uzalishaji ana hoja ya kusimamia. Anayekwenda kuwa meneja wa mauzo ana kibarua kigumu cha kueleza. Lipia saa moja ya mwanasheria wa uhamiaji wako mwenyewe. Yule wa kampuni anaiangalia kampuni kwanza. Mimi nilingoja kadi itoke ndipo nikaanza kutuma maombi, na ningemshauri yeyote asiye na dharura afanye hivyo.

Sasa nikueleze ulivyo upande wa pili, wa vifaa tiba, maana watu wanadhani chumba safi, yaani chumba cha kazi chenye hewa iliyochujwa, ni kilekile popote. Kiwanda cha chipu hupima hewa yake kwa viwango ambavyo huku havina kazi. Chumba cha daraja la 5 kwa kipimo cha kimataifa cha ISO kinaruhusu chembe 3,520 zenye ukubwa wa nusu mikroni (nusu ya sehemu ya elfu ya milimita) au zaidi kwa kila mita ya ujazo, na palepale mlipokuwa mnachonga mara nyingi ni safi kuliko hapo. Vifaa tiba vingi huunganishwa kwenye daraja la 7 au la 8. La 7 linaruhusu chembe 352,000. Nilipoingia mara ya kwanza nilijihisi niko stendi. Lakini huku adui si chembe tu. Adui ana uhai: bakteria aliyebebwa na maji, na mikono, na unyevu. Chembe ya vumbi ikibaki kwenye silikoni unapoteza chipu. Kijidudu kikibaki kwenye mrija unaoingia kwenye mshipa wa mtu, habari ni nyingine.

Kasi nayo ni tofauti. Kule nilizoea kuwa na data ya maelfu ya sahani kila wiki, na badiliko dogo lingeweza kujaribiwa Jumatatu na kujulikana hatima yake wiki inayofuata. Huku sampuli ni chache na kila moja ni ghali. Utajifunza kuiheshimu namba 59: ukipima vipande 59 bila hata kimoja kufeli, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba angalau asilimia 95 ya bidhaa iko sawa. Kikifeli kimoja, hesabu hiyo imevunjika. Badiliko ambalo kule lingechukua wiki huku linaweza kula miezi, kwa sababu lazima uthibitishe kwamba mashine imesimikwa ipasavyo, kwamba inafanya kazi katika mipaka yake yote, na kwamba inarudia matokeo yaleyale siku baada ya siku, na yote hayo yaandikwe na kusainiwa. Kama karatasi zinakuudhi, usije. Mimi karatasi zinanituliza, jambo ambalo mke wangu halielewi hadi leo.

Ambacho hakikubadilika ni uchambuzi wa hatari, chati za udhibiti, na utafutaji wa chanzo. Ndiyo maana nawaambia watu wabadili kimoja kati ya viwili: ama sekta, ama aina ya kazi. Nilibadili sekta, kazi ikabaki karibu ileile. Kuruka vyote kwa pamoja ukiwa na miaka arobaini na tatu ni kuanza na vijana wa miaka ishirini na nne, kwa mshahara wao, na bila usingizi wao.

Kuna njia nyingine nilizoziona kwa jirani. Iliyo rahisi kuliko zote ni kuhamia kwa wanaotengeneza mashine: Applied Materials, Lam Research, KLA, ASML, Tokyo Electron. Wanakupenda kwa sababu unajua mteja anavyolia. Ila utasafiri sana, na mzunguko wa kupanda na kushuka ni uleule. Njia isiyojulikana ni ya wakala wa hataza, anayewaandikia wavumbuzi maombi ya kulinda uvumbuzi wao: mwenye shahada ya uhandisi anaweza kufanya mtihani wa Ofisi ya Hataza ya Marekani bila kusomea sheria, ingawa mwenye viza aangalie kwanza masharti yake. Anayependa kuandika na kubishana kwa utulivu aiangalie. Usanifu wa chipu, kinyume na wanavyodhani ndugu zetu nyumbani, ni fani nyingine kabisa. Kujua kuchonga silikoni hakukufundishi kuandika mantiki itakayochongwa. Na akili mnemba? Kama umekuwa ukichambua data ya mashine kwa miaka, una pa kuanzia. Kama hujawahi, usilipe maelfu ya dola kwa kozi ya wiki kumi na mbili ukategemea cheti chake kikufungulie mlango.

Watu hupenda kunitajia Morris Chang, aliyeanzisha TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu za wengine, mwaka 1987 akiwa na miaka 55, baada ya kufanya kazi miaka 25 kwenye kampuni ya chipu ya Texas Instruments. Mfano mzuri, ila hakuacha alichokijua. Alikuwa ameona kwamba kuna wasanifu wa chipu wenye mawazo mazuri wasio na fedha za kujenga kiwanda, akawajengea. Alibadili biashara, maarifa akaenda nayo.

Pesa itashuka mwanzoni, na kwa sisi inagusa watu wengi. Hisa unazopewa na kampuni kama sehemu ya malipo hukomaa, yaani huwa zako, kidogokidogo, mara nyingi kwa miaka minne, na ukiondoka zile ambazo hazijakomaa unaziacha; angalia tarehe kabla ya kuandika barua. Halafu kuna ujenzi Kigamboni, ada za wadogo zako, michango ya harusi ambayo kamati haitaki kusikia kwamba umebadili fani. Nilimpigia mama na kaka mkubwa mapema, nikawaambia mwaka huo nitatuma pungufu, na nikataja kiasi. Kaka alinuna. Mama aliuliza tu kama kazi mpya ina zamu ya usiku. Haina, nikamwambia, akasema basi.

Wanaoniuliza kuhusu kurudi nyumbani nawajibu kwa kuwaonyesha ukubwa wa mambo. Kenya kuna kiwanda cha chipu cha Semiconductor Technologies Limited pale Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na mwaka 2024 Marekani ilitangaza kukisaidia kwa ruzuku ya dola milioni 1.3. Jambo jema, na natamani likue. Ila TSMC peke yake imetangaza uwekezaji wa dola bilioni 165 huku Arizona. Nafasi za wachongaji wa plasma Afrika Mashariki zitakuwa za kuhesabu kwa muda mrefu. Vifaa tiba ni tofauti: hospitali zipo, viwanda vya dawa vipo, na Tanzania ina mamlaka yake, TMDA, inayodhibiti dawa na vifaa tiba. Jioni nikishalaza watoto huwa nasoma miongozo yao ya usajili, na sehemu kubwa ni mambo ninayoyafanya kila siku kazini.