Haulizi tena, anasema "sina akili"

SWALI: Mwanangu ana miaka 10, yuko darasa la nne. Zamani alikuwa haishiwi maswali: mwezi unatufuata kwa nini, mbuyu unaishije miezi yote hiyo bila majani. Siku hizi haulizi kitu. Hesabu ikimshinda anasukuma daftari, anasema "mimi sina akili." Baba yake anasema ni ukubwa tu. Nifanyeje?
Mama, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Udadisi wake haujafa, mama. Kuanzia miaka 7 au 8 mtoto huanza kujipima na wenzake. Anaona aliyekosea anachekwa, naye anajifunza kunyamaza. Basi mtafutie kazi ambayo akikosea hapotezi kitu, na jibu analiona mwenyewe kwa macho.

Kwa Dodoma tunapendekeza kivuli. Chimbieni fimbo iliyonyooka uani, penye jua, ibaki mita 1 juu ya ardhi, mbali na mapito ya mbuzi. Ning'inizeni jiwe kwa uzi kando yake na mtazame kutoka pande mbili kama imesimama wima. Ikiinama kidogo tu vipimo vitapotoka, na mtoto atadhani kosa ni lake.

Kila Jumamosi, kuanzia saa 6:15 hadi saa 7:00 mchana, apime kivuli kila dakika 5 na aandike kipimo kifupi kuliko vyote. Msipime saa sita kamili mkaishia hapo, kwani hapa jua hufika kileleni kati ya saa 6:20 na 6:50 hivi, kutegemea mwezi.

Kabla ya kupima, aandike anachokisia: urefu na upande. Hili msiliruke kamwe. Mkianza Septemba mapema, kivuli cha sentimita 25 hivi kinachoelekea kusini kitafupika wiki hadi wiki, karibu kitoweke tarehe 9 Oktoba, kisha kitokeze upande wa kaskazini. Desemba kitafika kama sentimita 31, ingawa mawingu ya mvua yatawanyima Jumamosi kadhaa. Juni kinakuwa kimesharudi kusini, sentimita 57 hivi. Watu wazima wengi hawajawahi kuligundua hilo. Tafadhali usimdokezee!

Akikisia vibaya, usimsahihishe. Muulize, "Ulifikiriaje?" kisha nyamaza, uhesabu hadi kumi moyoni. Wazazi wengi huharibu hapa: wanajibu kabla mtoto hajavuta pumzi. Na baba yake naye aandike makisio yake kwenye daftari hilohilo, akikosea, asifute.

Angalia pia sifa unazompa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya Marekani kwa watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kuwa na akili, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa juhudi, na baadaye wakafanya vibaya zaidi. Ukimwambia mtoto ana akili kwa sababu amepata, siku akikosa anajua pa kupeleka lawama. Taja ulichokiona: "Umerudia kupima mara tatu." Akisukuma daftari, usibishane naye kuhusu akili. Mwambie akuonyeshe mstari wa mwisho aliouelewa, muanzie hapo.

Mpeleke pia akapimwe macho na masikio, hata kama halalamiki. Asiyeona ubao vizuri hajui kwamba wenzake wanauona. Na akianza kuogopa kwenda shule au kukosa usingizi, zungumza na mwalimu wake wa darasa wiki hiyohiyo.