Njegere pori zinaliwa, ila usichume kwa kuangalia ua peke yake

Mi nachuma njegere pori kila msimu na nazipenda kweli, lakini kila anayeniomba nimfundishe huwa namwanzishia na hili: ua lisikudanganye. Jamii ya mikunde ina spishi zaidi ya 18,000, na sehemu kubwa yake ina ua lile lile, petali moja pana imesimama kwa nyuma, mbili ziko pembeni na mbili za chini zimeshikana zikawa kama mtumbwi. Ukiliona hilo umejua ukoo tu, bado hujajua kama kinalika au kinaua.

Kwahiyo kamata shina. Njegere pori zenyewe, yaani Pisum, ndugu wa zile tunazolima, shina lake ni la mviringo, na pale jani linapochomoza kuna vijani viwili vipana vimelikumbatia shina, mara nyingi vikubwa kuliko vijani vingine vyote. Sasa jamaa zake wa Lathyrus, wengi wao shina ni bapa, ukilipitisha taratibu kati ya vidole unasikia kingo mbili zimetokeza huku na huku. Ukisikia hizo kingo acha kwanza, hata kama ganda limejaa vizuri na mbegu ni tamu, maana Lathyrus sativus ina sumu inaitwa ODAP na haina uchungu wa kukushtua. Ukila kidogo siku moja hutaona kitu, shida ni pale inapogeuka chakula cha kila siku kwa wiki au miezi, miguu inapooza na hairudi tena. Imeshatokea Ethiopia, India na Bangladesh, hasa miaka ya njaa, sababu huo mmea unavumilia ukame wakati mazao mengine yamekauka. Kuloweka na kumwaga maji kunapunguza sumu lakini hakuimalizi. Yale maua ya bustani yanayonukia vizuri, Lathyrus odoratus, nayo mbegu zake sio chakula.

Kuna nyingine hata hazijadiliwi. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zile watu wanatungia shanga, ni Abrus precatorius, moja tu ikitafunwa inaweza kuua, watoto wasizichezee kabisa. Marejea, ambazo ganda likikauka ukitikisa mbegu zinalia ndani, zinaharibu ini na kupika hakuondoi ile sumu. Upupu mnaujua.

Pia usichume pembeni ya barabara kubwa wala karibu na shamba linalopigwa dawa.

Kama una uhakika wa spishi, na mwenyeji anayeujua mmea ameuona mzima na mizizi yake, sio picha ya simu tu, basi chuma maganda yakiwa machanga na mabichi. Yaliyokauka loweka usiku kucha, mwaga hayo maji, weka mapya, chemsha yatokote kwa nguvu dakika 10 bila kupunguza moto ndo uendelee mpaka zilainike. Hapo kwenye moto wengi wanapapuuza. Mbegu nyingi za mikunde zina lektini, aina ya protini yenye sumu, inakupa kutapika na kuhara vibaya, na moto wa taratibu usiofika kuchemka hauivunji, na kwenye maharage mekundu moto wa hivyo unaweza hata kuiongeza nguvu. Mara ya kwanza kula vijiko vichache tu, aina moja bila kuchanganya, subiri mpaka kesho yake. Na usifanye ndo mboga yako ya kila siku, hata ile uliyoizoea.

Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, asiguse maharage mapana (Vicia faba) na ndugu zake wa porini, seli nyekundu za damu zinavunjika na mtu anaweza kuzidiwa haraka. Mwenye aleji ya karanga naye awe makini, hasa na lupini, mmea mwingine wa jamii hii ya mikunde.

Kila ninapopika naacha kipande cha mmea mbichi pembeni, jani, ganda na mbegu, kwenye mfuko. Mtu akiumwa tumbo au mtoto akitafuna mbegu usiyoijua, unaenda hospitali na huo mfuko mkononi ili daktari ajue anapambana na nini. Usimlazimishe kutapika, na usikae nyumbani kusubiri uone, dalili za Abrus zinaweza kuchelewa masaa mengi, wakati mwingine siku nzima au zaidi, na mtu anaonekana mzima tu.