Kuiomba shule msaada wa elimu maalumu: jibu kwa mzazi aliyeambiwa asubiri

Mzazi mwenzangu, umeandika kwamba binti yako yuko darasa la tatu, anasimulia hadithi ndefu bila kuvuruga mpangilio, lakini akipewa kitabu anakwama kwenye mstari wa kwanza. Kwamba mwalimu wa darasa anamwona mvivu, na mwalimu mkuu amekwambia usubiri kwa kuwa atachangamka akikua. Unauliza kama utafute kwanza mtaalamu wa kumpa jina la tatizo lake ndipo urudi shuleni, au uanze na shule. Mimi nina kijana aliyepitia hali inayokaribiana sana na hiyo, na sasa yuko sekondari. Kwa maoni yangu mambo yote mawili yaende pamoja, ila shuleni usiende kudai kwa jina la tatizo. Nenda na maelezo ya kile anachoshindwa kufanya, kinatokea wakati gani, na unaomba nini kibadilishwe.

Nasema hivyo kwa sababu jina, hata likiwa sahihi, halimwambii mwalimu afanye nini kipindi cha pili cha Jumatatu. Watoto wawili wanaweza kuwa na usonji, yaani hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, mmoja akahitaji kupunguziwa kelele na kujulishwa mapema ratiba inapobadilika, mwingine akahitaji kufundishwa kuwasiliana kwa picha kwa kuwa hazungumzi. Shule ikipewa jina tu huishia kulihifadhi kwenye faili. Tena kulipata kunaweza kuchukua muda mrefu, maana wataalamu wa saikolojia ya elimu ni wachache kuliko watoto wanaowahitaji, na muda wote huo mtoto yumo darasani akizidi kuachwa nyuma. Mwalimu hahitaji karatasi ya daktari ili amkalishe mtoto mbele, amsomee swali kwa sauti au amwongezee dakika chache za kumaliza kazi.

Hata hivyo, kuna vipimo viwili visivyopaswa kungoja chochote, navyo ni vya masikio na macho. Mtoto anaweza kuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, hali inayowapata sana watoto wadogo, na usikivu wake ukawa unapanda na kushuka: wiki hii anasikia, wiki ijayo akishikwa na mafua hasikii vizuri, na nyumbani mkasema huyu husikia anapotaka. Kwa upande wa macho, kumbuka kwamba lile bango la herufi linalotundikwa ukutani hupima uoni wa mbali. Mtoto mwenye shida ya kuona karibu anaweza kulisoma mpaka mstari wa chini, kisha kitabu kikamshinda, kwa hiyo mwombe mpimaji aangalie na uoni wa karibu. Na ikiwa mwalimu anasema mtoto anaduwaa darasani, mwulize anaduwaa vipi. Anayewaza mambo yake huzinduka akiitwa au akiguswa, lakini ipo aina ya kifafa ambayo mtoto husita ghafla katikati ya sentensi, akakodoa macho kwa sekunde chache bila kuanguka wala kuitika, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo ni la kumpeleka kwa daktari, wala adhabu haiwezi kulitibu.

Macho na masikio yakiwa salama, uliyoyaeleza yanafanana na disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili, ingawa mimi si mtaalamu na siwezi kumpima mtoto kwa kusoma maandishi yako. Dhana kwamba mtoto mwerevu akishindwa kusoma basi ni mvivu ilipaswa kuwa imezikwa zamani. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari la nchini mwake habari za kijana wa miaka 14 aliyependa hesabu na kuzimudu, lakini ambaye kusoma kulimshinda licha ya kufundishwa kwa miaka mingi; akaongeza kwamba mwalimu wake aliona kijana huyo angewashinda wenzake wote shuleni kama masomo yangefundishwa kwa mdomo tu. Kwa watoto wengi wa aina hii shida iko katika kuunganisha sauti za lugha na herufi zake, na ndiyo maana kinachowasaidia ni kufundishwa uhusiano huo waziwazi, hatua kwa hatua, kwa kurudiarudia, wala si kuongezewa kurasa za kunakili. Jambo jingine ambalo walimu wetu wengi hawalioni ni kwamba katika lugha kama Kiswahili, inayoandikwa karibu kama inavyotamkwa, mtoto mwenye disleksia anaweza kufika mahali akasoma bila makosa mengi, lakini polepole mno, hata anapofika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Mwalimu anayehesabu makosa peke yake hataona tatizo. Mwombe apime na kasi.

Sasa nije kwenye maelezo ya kupeleka shuleni. Chukua daftari, na kwa wiki mbili tatu andika unachokiona kwa macho yako, pamoja na tarehe. Usiandike kwamba hajui kusoma. Andika ni kazi gani, alianzaje, alikwama wapi, na ulipombadilishia njia ilikuwaje. Nilipoketi pembeni ya mwanangu akinakili kazi, niliona kwamba alikuwa akiinua macho kwa kila herufi. Aliangalia, akaandika "m", akaangalia tena, akapotea mstari, akautafuta kwa kidole, akaandika "w". Neno kama "mwanafunzi" lilimfanya anyanyue kichwa karibu sawasawa na idadi ya herufi zake. Darasani ubao ulikuwa ukifutwa kabla hajafika nusu, na daftari lile lenye mistari iliyoishia njiani ndilo lililokuwa likiitwa uvivu. Kisha nikachukua maswali ya jaribio la sayansi aliloshindwa, nikamsomea, akajibu kwa mdomo, nami nikaandika maneno yake kama alivyoyatamka. Kikaoni niliziweka mezani karatasi zote mbili sambamba. Mwalimu wa sayansi alizisoma, akasema jaribio linalofuata atamwuliza yeye mwenyewe kwa mdomo. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amejiandaa kuzungumzia nidhamu, ikabidi azungumzie majaribio.

Ukishakuwa na maelezo hayo andika barua, hata kama wewe na mwalimu mkuu mnafahamiana vizuri, kwa kuwa mazungumzo ya mlangoni husahaulika, na mwalimu akihamishwa huondoka nayo. Barua isiwe ndefu: jina la mtoto na darasa lake, mambo matatu au manne uliyoyaona, ombi kwamba shule imfanyie tathmini ya mahitaji yake ya kujifunza, mabadiliko unayoomba yaanze wakati tathmini inasubiriwa, na tarehe ambayo ungependa kupata jibu. Baki na nakala iliyosainiwa kwamba imepokelewa. Kila mkimaliza kikao, tuma siku hiyohiyo ujumbe mfupi wa shukrani unaotaja mliyokubaliana na nani atafanya nini; asiyekubaliana nao atajibu, na asipojibu, wewe umebaki na kumbukumbu. Lugha iwe ya heshima mwanzo hadi mwisho, maana huyohuyo unayemlalamikia ndiye atakayekuwa na mtoto wako kesho asubuhi, na pengine ana darasa lililofurika na hakuwahi kupata mafunzo yoyote ya elimu maalumu. Wazazi tukiwa na hasira hili la mwisho hatulikumbuki.

Kikaoni kuna tofauti moja ambayo hupitiwa harakaharaka, nayo naomba uisimamie. Kubadilisha namna mtoto anavyofundishwa na kupimwa si sawa na kupunguza kile anachofundishwa. Kusomewa maswali, kuongezewa muda, kupewa maelezo yaliyochapwa badala ya kunakili ubaoni, kujibu kwa mdomo, yote hayo yanamwacha mtoto katika masomo yaleyale ya wenzake. Kumtoa kwenye somo, kumshusha kwenye vitabu vya madarasa ya chini au kumwondolea mtihani ni jambo jingine kabisa. Wapo watoto ambao kwao ndilo linalofaa, lakini gharama yake huonekana miaka mingi baadaye, mtoto anapokosa sifa ya kuendelea na masomo. Kwa mtoto kama uliyemweleza, anayeelewa kila anachosomewa, mimi nisingekubali apunguziwe masomo kabla njia ya kwanza haijajaribiwa kwa dhati. Mkifika kwenye kuandika mpango binafsi wa elimu, yaani hati inayotaja malengo ya mtoto na msaada atakaopewa shuleni, kataa malengo ya aina ya "ataboresha usomaji wake". Lengo liseme atasoma kifungu cha kiwango gani, kwa kasi gani, kufikia lini, nani atamfundisha, mara ngapi kwa juma, na nani atapima maendeleo.

Huenda mkaletewa pia pendekezo la kurudia darasa. Nililikataa, na bado naliona pendekezo dhaifu, kwa sababu kama njia ya kufundisha ni ileile, mtoto atakwama palepale, safari hii akiwa mkubwa kuliko wenzake na akijua kwamba wanajua amerudishwa. Kuhusu msaidizi wa kukaa naye darasani, mpokee akipatikana, lakini uliza majukumu yake ni yapi. Msaidizi anayemwandikia kila kitu huwa ukuta kati ya mtoto na mwalimu. Mwalimu huanza kumwona mtoto kuwa ni wa msaidizi, na siku msaidizi hayupo, somo la mtoto nalo halipo.

Umegusia suala la haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na nchi nyingi sana, unazitaka nchi hizo, katika kifungu cha 24, ziwe na mfumo wa elimu jumuishi, yaani wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao, katika ngazi zote na kumpatia mwanafunzi marekebisho yanayoendana na mahitaji yake. Na kifungu cha 2 kinahesabu kumnyima mtu marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi. Kabla ya hapo, Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lililotolewa na mkutano wa kimataifa kuhusu elimu ya mahitaji maalumu, lilikuwa limekwisha kusema kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote bila kujali hali zao. Tafuta pia sheria ya elimu ya nchi yako na mwongozo wake wa elimu maalumu, kwani huko ndiko utakuta nani anapaswa kukujibu na rufaa inakwenda wapi. Mimi sikuvitaja vifungu hivi mpaka barua zilipokaa bila majibu, ndipo nikaandika kwa ngazi iliyo juu ya shule nikiambatisha nakala zote kwa mpangilio wa tarehe. Nadhani tarehe zile ziliisukuma ofisi kuliko vifungu vyenyewe.

Binti yako naye ashirikishwe. Ana miaka ya kutosha kukwambia ni wapi darasani anasikia vizuri, ni mwalimu gani akieleza anamwelewa, na ni msaada gani unamwaibisha mbele ya wenzake. Mwanangu alikataa kabisa kusomewa maswali darasani, akakubali kusomewa katika chumba cha pembeni, na bila kumwuliza tungedhani anakataa msaada wenyewe.

Mkishakubaliana, msidhani kazi imekwisha, kwa sababu kila mwaka huja na walimu wapya ambao hawajalifungua faili. Andaa ukurasa mmoja tu unaoeleza anaweza nini, anakwama wapi na ni marekebisho gani yaliyofanya kazi mwaka uliopita, uombe kikao kifupi na mwalimu mpya katika wiki za mwanzo za muhula, kabla hajampa jaribio la kwanza, na mwachie ukurasa huo mkononi.