Usilishindishe tangi lako njaa: mwani si adui wa kwanza

Mwezi uliopita dada mmoja anayeishi Muscat aliniandikia: "Assalam alaykum kaka. Tangi langu la matumbawe lina wiki tisa. Nitrati sifuri, fosfati sifuri, kila nilichoambiwa nimefanya, na mchanga wote umegeuka kahawia. Nakaribia kuliuza." Nitrati na fosfati ndizo chakula cha mwani majini. Chini ya ujumbe aliweka picha: nyuzinyuzi za ute juu ya mawe, na viputo vya hewa vimenasa kwenye ncha zake. Nilipoiona moyo ulinienda mbio, maana mwaka 2021 tangi langu hapa London lilikuwa vivyo hivyo, na mtu wa kunishika mkono sikumpata.

Nimezaliwa Paje, Unguja. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake wanaolima mwani pale, kilimo kilichoanza pwani ile mwaka 1989, na ada zangu za shule zilitoka kwenye kamba na vigingi vyake. Nilikua nikishuka naye maji yakipwa, nikitazama matumbawe kwenye madimbwi. Ndiyo maana nilipopata nyumba yenye sebule ya kutosha, nilinunua tangi la lita 180 kabla sijanunua kochi. Nilitaka kipande cha nyumbani.

Kosa la kwanza lilikuwa maji. Nilichanganya chumvi na maji ya bomba. Maji ya bomba ya hapa hutiwa fosfati makusudi, ili madini ya risasi ya mabomba ya zamani yasiingie kwenye maji ya kunywa. Kwa binadamu hayana neno. Kwa tangi la matumbawe ni mbolea. Juu ya hapo yana silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na wiki ya tatu vioo vikapakwa vumbi la kahawia. Hilo ni la kawaida kwa tangi jipya na huondoka lenyewe silika ikiisha. Mimi sikulijua, nikaanza kuhangaika. Kisha mwani wa nywele ukaota, kijani kibichi, mrefu kama kidole.

Nilimwendea muuzaji mmoja na picha zangu. Alicheka mbele ya wateja wengine, akasema watu kama mimi tubaki na samaki wa maji baridi. Maneno yale yaliniuma, na hadi leo yananiuma. Lakini pesa yangu aliipokea: akaniuzia chembechembe za oksidi ya chuma za kunyonya fosfati, na mashine kubwa zaidi ya kutoa povu la uchafu.

Nikavitumia vyote siku moja. Nikapunguza taa hadi saa nne kwa siku, na samaki nikawalisha siku moja moja. Baada ya wiki mbili vipimo vyote vikasoma sifuri, nami nikafurahi. Matumbawe yakaanza kupauka. Kisha ukaja ule ute, ukipungua usiku na kurudi mchana taa zikiwaka. Konokono wangu sita, walaji wa mwani, walikufa ndani ya siku nne.

Nilinunua darubini ya bei rahisi, nikaweka tone la ute kwenye kioo. Zilikuwa chembe zenye umbo la punje, zikizunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kamba. Ni dinoflagelati, viumbe vya seli moja, na baadhi yao hutoa sumu. Hawa hustawi pale nitrati na fosfati zinapokwisha, kwa sababu mwani wa kawaida na bakteria wema wanaogombea nafasi nao wamekufa njaa. Nilikuwa nimefyeka shamba lote, nikaliachia gugu baya kuliko yote.

Usiku ule nilimpigia mama. Nilipomweleza kwamba napigana na mwani, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, mwani ndio uliokusomesha. Ukiota pasipotakiwa, kitazame kwanza kinachoulisha." Tangu hapo sijamsikia mtaalamu akinieleza jambo hili vizuri zaidi.

Nikatoa zile chembechembe. Nikalisha samaki kila siku. Nikaongeza nitrati kidogo kidogo hadi ikafika 5 kwa vipimo vya miligramu kwa lita, na fosfati ikakaa karibu na 0.08. Rafiki mmoja mwenye tangi la miaka mingi alinipa jiwe moja lililojaa uhai, nikafunga na taa ya miale ya urujuanimno, inayoua vijidudu, kwenye mzunguko wa maji, kwa kuwa aina ile niliyokuwa nayo huelea usiku na kupita humo. Ilichukua wiki sita. Sitakusimulia kila siku yake. Ni kupima, kufyonza ute kwa mpira, kusubiri, na kupima tena.

Kwa hiyo sikiliza, ndugu yangu unayetaka bahari sebuleni. Usikimbilie sifuri. Nitrati kati ya 2 na 10, fosfati kati ya 0.03 na 0.1, na muhimu kuliko namba ni zisiyumbe. Tumia maji yaliyochujwa kwa osmosisi kinyume, yaani yaliyosukumwa kupitia utando unaozuia uchafu, tangu siku ya kwanza. Hapa sina mjadala. Badilisha jambo moja, kisha ngoja wiki mbili. Fosfati usiishushe ghafla: mawe huinyonya na kuiachia tena, kwa hiyo kipimo cha leo hakikuambii yaliyomo ndani ya jiwe. Na usikimbilie sifuri, narudia, kwa sababu najua utafanya. Tunataka tangi la miezi miwili lifanane na mwamba wa maelfu ya miaka, tukinyimwa tunatafuta dawa ya chupa. Haraka hiyo ndiyo iliyoua konokono wangu. Hawakufa kwa mwani.

Yule dada nilimwandikia haya yote, na nikamsihi asiuze. Alisita sana kulisha tangi lililochafuka, na namwelewa. Asubuhi ya leo ameniletea picha mpya. Nitrati 4. Ute umebaki pembe moja tu, na kwenye kioo cha nyuma kuna utando mwembamba wa kijani. Ameniuliza aukwangue? Nimemwambia auache, atafute konokono watatu.